Kiapo cha Kibibi

Mdudu kibibi ukimbana hutoa njano miguuni. Kwanza hujikunja na kujitia maiti, halafu kwenye maungio ya miguu hutokeza tone dogo, manjano kama bizari, chungu, lenye harufu inayopanda puani na kukaa. Nilikuwa nimechutama kwenye matete ya mto Ruvu, jua la asubuhi bado halijashika ukali, nikiwabana mmoja mmoja. Nambana mpaka atoe, nampangusa kwenye jani, nambana tena. Tone la pili huwa dogo kuliko la kwanza. Mwishowe hatoi kitu, hata umfinye vipi, amekauka. Hapo ndipo nilipomtia kibuyuni na kumtafuta mwenzake.

Mtu angepita angesema nimerukwa na akili. Mke wa watu, wa nyumba inayojulikana Bagamoyo nzima, amekaa topeni, mtandio umemwangukia mabegani, anagombana na wadudu! Na nilikuwa nalia, nisiwafiche. Lakini mikono iliendelea kubana. Nilijua mmoja wa wadudu wale ataingia kwenye kiganja cha Mina mbele ya watu. Akitoa njano, Mina anauzwa. Na Mina akiuzwa, mwanangu Abdala anakufa.

Ngoja nirudi nyuma, maana nimeanzia katikati kama mlevi.

Mimi ni Mwanaharusi, mtu wa Mapinga, binti wa mkulima. Niliolewa Bagamoyo na Saleh, mtoto wa pekee wa kiume wa Bi Khairiya, watu wenye asili ya Oman, wenye nyumba ya mawe na biashara ya sandarusi, ile gundi ya miti inayochimbwa ardhini. Uzuri wangu ndio ulionivusha kizingiti kile, na mama mkwe wangu hakunisamehe. Nikikosea jambo, hata kukunja mkeka, alisema, "Ndiyo ya Mapinga hayo," akageuza uso. Nilimzoea. Nikamzalia mjukuu wa kiume, nikadhani sasa nimeota mizizi. Lo, nilijidanganya!

Abdala alizaliwa mwaka ambao mvua zilikatika. Masika yalileta mawingu matupu, vuli haikuja kabisa. Mtama ulikaukia shambani haujafika magotini. Watu wakashuka kutoka bara, Wazigua kwa Wakwere, wakijileta wenyewe milangoni: nichukue, nilishe, niwe wako. Asubuhi ukifungua mlango ulitazama kwanza chini, usije ukamkanyaga mtu. Hata sisi, wenye akiba, tulikula mara moja kwa siku, na Bi Khairiya ndiye aliyepima, kibaba mkononi, hata punje zilizodondoka aliziokota mwenyewe.

Maziwa yangu yalikauka Abdala hajaota jino. Nilikunywa kila nilichoambiwa, nikafukizwa, nikasomewa, wapi! Matiti yalibaki ngozi. Aliyemwokoa mwanangu ni Mina. Mina alikuwa mtumwa wa nyumba ile, umri wetu mmoja. Mwanawe mchanga alikuwa amekufa kwa homa siku si nyingi, na maziwa bado yalikuwa yanamjaa na kumwumiza. Siku hiyo alinikuta nimempakata mtoto aliyelia mpaka sauti imekwisha, amebaki kufungua mdomo tu. Hakuniuliza. Alimchukua, akageukia ukutani, akamtia ziwani. Nilisikia anavyomeza. Tangu saa ile nilimpenda Mina, wallahi, na nilimwonea wivu, vyote viwili kwa pamoja.

Sasa sikilizeni habari ya mtama. Mtama wa kula ulikaa kwenye mtungi mkubwa, chumba cha nyuma. Kila jioni, akishapima cha kesho, Bi Khairiya aliusawazisha juu, akakandamiza kiganja chake pale, vidole vimetanuka, kisha akafunika. Asubuhi aliangalia kama kiganja chake kipo. Mlango haukuwa na kufuli, na sote tuliiogopa alama ile kuliko kufuli.

Asubuhi moja tulimsikia anatuita. Hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ya chini, jina baada ya jina, mpaka tukajaa chumbani. Alikuwa ameshika kifuniko. Mtama ulikuwa umesawazishwa vizuri sana, na juu yake hapakuwa na kitu. Mtu alikuwa amechota, akalaza punje kwa uangalifu, kisha akakosa ujasiri wa kuweka kiganja chake.

"Nani?" aliuliza.

Tukatazamana. Alikuwapo mume wangu Saleh, dada yake Thuraya, Majaliwa aliyekuwa mtumwa wa kazi za nje, Mina, na mimi.

"Haya," akasema Bi Khairiya. "Mmekataa kusema nyinyi. Atasema kibibi."

Siku zile pwani yetu ilikuwa na viapo vingi, vya shoka lililotiwa motoni, vya mkate unaomkwama mwizi kooni. Hiki cha kibibi kilikuwa cha nyumba chache, na aliyejua kukiapisha alikuwa Mzee Mwinjuma wa Zinga. Mshukiwa hutiwa mdudu kwenye kiganja cha kulia, akafumba, mzee akasoma maneno yake mpaka mwisho. Kiganja kikifumbuliwa hakina rangi, mtu ni safi. Kikitoka na njano, huyo ndiye. Mdudu hana jamaa wala rafiki, walisema, kwa hiyo hapendelei. Waliamini hivyo kwa moyo mmoja, na waliopatikana na hatia kwa njia hiyo nao waliamini, wengine wakaungama hata mambo ambayo hawakuulizwa.

"Tutashika wote," akasema Bi Khairiya, "nami nitakuwa wa kwanza, asije mtu akasema nimemwonea. Akiwa mtumwa, anakwenda Winde kwa wale wanaovusha watu kwa siri. Akiwa muungwana, anatoka nyumbani mwangu na nguo aliyovaa."

Hilo la pili alilisema ili aonekane mwenye haki tu. Macho yote yalikuwa kwa Majaliwa na Mina.

Nilisema, "Mama, Mina ananyonyesha."

"Mtoto atakunywa uji."

Uji! Nilikuwa nimewaona watoto wa uji mwaka ule, matumbo yamewajaa hewa, shingo zimekuwa vijiti, wanazikwa bila hata watu wa kutosha kubeba. Nikamtazama Saleh. Saleh alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Alikuwa mwanamume mpole, na upole wake haukuwahi kunifaa kitu.

Mzee Mwinjuma aliletwa juu ya punda. Macho yake yalikuwa na utando mweupe. Alikwenda kwa kupapasa na kwa kuuliza. Akasema sharti la kiapo: mdudu akamatwe na mke wa nyumba, muungwana, asiye wa damu ya nyumba hiyo. Huyo ni mkono wa kiapo tu, na yeye haapishwi. Aliyekuwa hivyo ni mimi peke yangu. Akanipa kibuyu kidogo chenye kizibo cha nyuzi.

"Unamjua kibibi, mwanangu?"

"Namjua, babu. Nimekua naye."

"Jihadhari na mwongo."

"Mwongo namjua pia."

Wasiomjua niwaeleze. Kibibi ni mdudu mdogo, punje ya kunde inamzidi. Mgongo umebinuka kama bakuli lililofunikwa, tumbo bapa, miguu mifupi inajificha chini. Ni mwekundu wa kuelekea chungwa, anang'aa kama amepakwa mafuta, na juu yake imepita mistari myeusi inayopinda na kukutana. Utamkuta penye vidukari, maana ndio chakula chake: kwenye kunde, kwenye mtama unaotia maziwa, kwenye pamba. Mapinga yuko, Zinga yuko, huko Chalinze yuko, na wapagazi waliotoka Unyamwezi walisema hata kwao yuko, yuleyule. Mahali asipokanyaga ni kwenye mikoko na penye upepo wa chumvi. Mwongo ni ndugu yake, mkubwa kidogo, amefifia rangi, ana madoa na manyoya laini kama ya kifaranga, naye hula majani ya maboga na mnavu mpaka yabaki nyavu. Mzee Mwinjuma hakumtaka huyo katika kiapo. Alisema mla majani ya watu hawezi kumshuhudia mwizi.

Na mimi nilijua jambo jingine, ambalo sikumwambia mzee. Tulipokuwa wasichana shambani kwa baba, tuliwabana vibibi tupake kucha zetu njano. Kila msichana wa Mapinga anajua kwamba mdudu mmoja hatoshi vidole vitano. Anatoa, anapungukiwa, anakauka. Na hutoa kwa yeyote anayembana, awe mwizi au mwalimu wa chuo. Sikuwa na ubishi na viapo vya watu. Nilikuwa nimezoea tu kukiona kitu hicho kwenye kucha zangu.

Mashamba yalikuwa yamekufa, kwa hiyo palibaki mtoni. Wakati wa ukame vibibi hukusanyika kwenye maganda makavu ya matete, wamebanana kimya wakingoja mvua. Niliondoka alfajiri. Nia yangu ilikuwa moja: nikamate, nirudi, liwalo na liwe. Mina hakuniambia kitu nami sikumwuliza. Nilijilazimisha kuamini kwamba ni Majaliwa.

Njia ya mtoni ilipita kwenye kibanda kilichoachwa na wenyewe, paa nusu. Nilisikia mtu anakohoa ndani. Nikachungulia, nikamwona bibi kizee amekaa chini, ameegemea nguzo. Nilimtambua. Alikuwa Dija, mama yake Mina, aliyetumikia nyumba nyingine ya mjini maisha yake yote. Njaa ilipobana, bwana wake alimwita mbele ya mashahidi akamwacha huru. Msikitini watu walimsifu kwa thawabu aliyoipata. Kwa Dija, maana ya uhuru ule ilikuwa kwamba hapewi tena chakula.

Mapajani alikuwa na kipande cha kaniki kilichofunguliwa fundo. Nilikijua kipande kile. Kilikuwa kimechanwa kwenye nguo ya Mina, mimi mwenyewe nilimwuliza nguo imechanwa na nini. Ndani yake palikuwa na mtama kidogo. Hakuwa na nguvu za kutwanga. Alikuwa analowesha punje mdomoni, moja, nyingine, anazinyonya mpaka zilainike.

"Shikamoo, bibi," akaniambia, mwanamke wa umri wa kunizaa.

"Marahaba," nikajibu, na nikaona haya.

"Wewe ndiye wa kwa kina Mina?"

"Ndiye."

"Mwambie asilete tena. Mimi sishibi wala sifi." Alipumzika kidogo apate pumzi. "Ale mwenyewe. Ana mtoto wa kunyonyesha."

Aliyekuwa akinyonyeshwa ni wangu. Wa kwake Mina alikuwa udongo tayari, na sidhani kama kuna aliyemfikishia Dija habari hiyo. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilitaka nimpe kitu, sikuwa na kitu. Nikatoka mle kibandani, nikaenda mpaka mtoni, nikaanza kuwabana wadudu kama nilivyowaambia.

Nilipomaliza nilijisugua mikono kwa mchanga wa mtoni. Nilisugua viganja, nikasugua kati ya vidole, nikachokoa kucha kwa mwiba mpaka zikawaka. Nikaitazama mikono juani, huku na huku. Rangi ilikuwa imetoka yote. Nikashukuru, nikashika njia.

Kiapo kilifanyika uani baada ya adhuhuri. Mzee Mwinjuma alikaa kwenye kibao, sisi tukamzunguka. Bi Khairiya akanyoosha mkono wa kwanza, kama alivyosema. Nilimtilia mdudu kutoka kibuyuni, akafumba, mzee akasoma. Aliposema "fumbua," nilidhani Bi Khairiya atakitazama kiganja kwa niaba yake, maana mzee haoni. Lo! Mzee Mwinjuma aliukamata ule mkono, akauinua mpaka puani, akanusa.

"Kimya," akasema.

Njano niliifikiria njia nzima. Harufu haikunijia akilini hata mara moja. Niliingiza mikono yangu ndani ya mtandio, nikaisugua kwenye nguo taratibu, na jinsi nilivyoisugua ndivyo nilivyoisikia harufu yenyewe inapanda.

Akanusa kiganja cha Thuraya. Kimya. Cha Saleh. Kimya. Majaliwa alikuwa anatetemeka mwili mzima, jasho linamchuruzika, na kiganja chake kilikuwa kimya. Sote tukamgeukia Mina.

Mina alikuwa ameshajifia. Alikuwa anaamini kiapo kuliko mtu yeyote pale, na alijua alichokifanya. Alimkabidhi Thuraya mtoto kwa utaratibu, kama mtu anayekwenda safari, akaja akapiga magoti. Nilipomtilia mdudu alifumba ngumi kwa nguvu mpaka nikaona mifupa ya vidole inataka kutoka. Mzee alisoma. Ilikuwa dua ndefu kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Mina akafumbua, akafumba macho.

Mzee alinusa. Akanusa tena.

"Kimya."

Mina alikitazama kiganja chake kama si chake. Bi Khairiya alisimama. "Haiwezekani!" akasema. "Mtama umechotwa, na waliolala humu ndio hawa. Wadudu wako wamekufa, mzee?"

"Wako hai, natambua wanavyotembea." Mzee alichukua kibuyu, akakitikisa karibu na sikio. Kisha akanyoosha mkono wake upande wangu, mahali hasa niliposimama. "Leta mkono uliowashika."

Ningefanya nini? Nilitoa mkono. Aliuweka puani, akakaa nao. Pumzi zake nilizihesabu kwenye ngozi yangu. Halafu alisema kwa sauti ndogo, ya kunitosha mimi na waliokuwa karibu, "Mwanangu, uliwashikaje?"

Yule mzee alijua. Hilo sikuwa na shaka nalo siku ile wala leo. Alikuwa ameniachia mlango wazi: niseme niliwabana, kiapo kiharibike, atumwe mwingine mtoni alete wadudu wapya. Nami ningekuwa mpumbavu wa Mapinga tu, si mwizi. Ningekemewa, ningelala kwangu na mwanangu. Ila wadudu wangekuwa wamejaa, na Mina angefumba ngumi ile ile.

Abdala alikuwa ameanza kulia mikononi mwa Thuraya. Alimwona Mina, akamtupia mikono, akapokewa, akavuta nguo ya Mina kwa fujo kama kawaida yake, akapata alichokitaka. Akatulia. Nilimsikia anameza.

"Niliwashika kama ulivyoniagiza, babu," nikasema.

"Hukuwabana?"

"Sikuwabana."

"Basi wamekutolea njano bila kubanwa," akasema, akauachia mkono wangu.

Bi Khairiya hata hakushangaa. Alikuwa kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo miaka mingi, leo ameukuta. "Mapinga," akasema, neno moja hilo tu, akaingia ndani. Saleh aliniacha pale pale uani, talaka, akilia. Nilimwonea huruma, kisha huruma ikaniisha.

Mina alifungua mdomo. Nilimwona. Alikuwa ameelewa, si jinsi nilivyofanya, bali kwamba nimefanya. Nilimtikisia kichwa, nikamwonyesha mtoto kwa kidevu. Midomo ilimcheza, akaifunga. Sikupewa nafasi ya kumbusu Abdala. Alikuwa bado ananyonya, nami sikutaka kumkatiza. Mtu anaweza kuniuliza leo kwa nini sikumbusu, nami sina jibu jingine.

Wapo walioniambia sheria ilikuwa upande wangu, kwamba mtoto mdogo ni wa mama yake. Najua. Lakini kwa baba yangu Mapinga watu walikuwa wanachimba mizizi. Watoto wa kaka yangu walikufa wote kabla ya mvua kurudi, mkubwa kwa mdogo, mimi nikiwaosha. Mwanangu alikuwa kwenye nyumba yenye mtungi wa mtama na ziwa lenye maziwa, na sikuwa na kichaa cha kumtoa huko. Dija naye nilisikia alikufa, hapohapo kibandani. Uhuru wake haukutimiza hata mwezi.

Sikuolewa tena. Nani aoe mwizi? Hata mvua ziliponyesha na kunde zikashamiri, wanawake wenzangu shambani walihesabu matita yao nikipita. Nilizoea, kwa uso. Usiku sikuzoea. Ilipofika miaka ya vita na Wadachi, mizinga ikilia upande wa Bagamoyo, nilikaa njiani nikimwuliza kila aliyekimbia kutoka mjini: mmemwona mtoto wa kwa Bi Khairiya? Yuko hai? Yuko hai, walinijibu. Amekua. Anatembea na yaya wake, hawaachani.

Miaka ikapita mingi. Bi Khairiya alikufa, Saleh akamfuata. Abdala akawa mtu mzima, akarithi nyumba, akamwandikia Mina uhuru, akamweka humohumo kama mama. Na siku moja akaja mtu Mapinga kuniambia kwamba Abdala anaoa, na ananiita.

Nilikwenda nikiwa nimevaa nguo ya kuazima. Ua ulikuwa ni uleule. Alinipokea mlangoni, kijana mrefu, paji la uso la bibi yake, masikio ya baba yangu. Aliniinamia akanibusu mkono. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Alikuwa ameninunulia doti ya kanga. Alinikalisha penye mkeka mzuri, akaniuliza habari za safari, habari za mashamba, habari za afya. Hapakuwa na mahali pa kumlaumu, hata nukta. Nilimtazama meno, mikono, jinsi anavyosimama, nikasema moyoni kwamba ni kazi yangu hii, ingawa haina chapa yangu.

Wanawake walikuwa wanapika uani, masufuria yamepangwa, moshi umejaa. Mchele ulipungua. Mpishi mmoja akapiga kelele kwamba maji yanachemka bure. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa bila kazi, na mikono ya mkulima haijui kukaa. Nikainuka, nikachukua kibaba na ungo, nikaenda ghalani.

Abdala alikuwa amesimama penye mlango wa ghala anaongea na wageni. Aliponiona alikata maneno, akaja akanishika bega kwa upole.

"Mama, wewe pumzika," akasema. "Mina atapima."

Wanawake wote walitazama ndani ya masufuria yao. Hakusema kwa ubaya. Ndicho kilichoniuma zaidi ya matusi yote niliyowahi kupewa. Alilisema kwa adabu, kama mtu anavyomsitiri mgeni mwenye kilema. Alikuwa amelijua jambo la mtama tangu utoto, na alikuwa amenisamehe.

Mina alikuwa amesikia. Alikuja kutoka jikoni, nywele nyeupe, ufunguo wa ghala umefungwa kwenye pindo la kanga. Alisimama kati yetu. Nilimwona anahema.

"Abdala," akasema, "huyu mama yako..." Sauti ikamkatika. Akaanza tena. "Huyu mama yako, siku ile..."

Nilimwona Abdala anamgeukia, uso umefunguka, wa mtoto kabisa. Hakuwahi kunitazama mimi hivyo. Bibi arusi alikuwa chumbani anapakwa hina, wageni wa mji mzima wamejaa barazani, na mwanamke aliyemlea anataka kuvua nguo zake mbele yao kwa ajili yangu. Ningemwacha amalize. Nilikuwa na haki, wallahi nilikuwa nayo.

"Pima, Mina," nikasema. "Watu wana njaa."

Nikampa kibaba. Alinitazama kidogo, akakipokea, akafungua mlango, akaingia.